Arifa Usiyoitarajia Kwenye Simu: Namna ya Kuisoma na Kuilinda Akaunti Yako

Tarehe 20 Februari 2020, wenye simu za Samsung katika nchi nyingi walikuta arifa ya ajabu kwenye skrini: tarakimu 1, na chini yake 1 nyingine. Haikuwa na neno lolote la maelezo. Ilitoka kwenye Find My Mobile, huduma ya kutafuta simu iliyopotea, ambayo pia inaweza kuifunga simu au kufuta kila kilichomo ukiwa mbali. Si ajabu wengine walikimbilia kubadilisha nenosiri. Baadaye Samsung ikaeleza kwamba lilikuwa jaribio la ndani lililotumwa kwa bahati mbaya. Kuna arifa nyingine ambayo haimshtui mtu hata kidogo: namba sita za uthibitisho zilizoingia kwa meseji usiku, zikaonekana asubuhi na kufutwa pamoja na matangazo. Hiyo ndiyo yenye uzito.

Kwa hiyo usiipime arifa kwa jinsi inavyotisha. Jiulize: ili arifa hii inifikie, mtu alihitaji kuwa na nini mkononi? Namba yangu ya simu tu? Nenosiri langu? Au ameshaingia ndani? Ukilijibu swali hilo, utajua kama una siku nzima ya kushughulika au una dakika chache.

Hatua ya kwanza: jua imetoka wapi

Usibofye kitu. Usibonyeze kiungo, usipige namba iliyoandikwa humo, na usiharakishe kuiondoa. Piga picha ya skrini, maana arifa ikishapotea watu hukumbuka nusu ya maneno, na nusu iliyosahaulika mara nyingi ndiyo iliyohitajika.

Kisha tazama ni programu gani iliyoileta. Kwenye Android, gusa arifa na uishikilie bila kuachia. Jina la programu litajitokeza pamoja na kitufe cha kuizima. Kwenye iPhone, itelezeshe kushoto uone chaguo zake. Hapo ndipo arifa nyingi za kutisha zinapoumbuka. Ile inayodai simu yako ina virusi kadhaa na hifadhi inakaribia kuharibika, ukiishikilia utakuta imetoka kwenye Chrome, na chini yake kuna anwani ya tovuti usiyoikumbuka. Siku fulani tovuti hiyo ilikuuliza kama ungependa kupokea arifa, ukagusa “Ruhusu” ili uendelee na kilichokupeleka. Tovuti haina uwezo wa kupekua simu yako ikahesabu virusi. Fungua mipangilio ya kivinjari, nenda kwenye mipangilio ya tovuti, kisha arifa, uiondolee ruhusa. Yamekwisha, wala huhitaji “programu ya kusafisha” inayotangazwa humo.

Ndugu yake kwenye iPhone ni ile ya kalenda: simu inalia kukukumbusha tukio ambalo hukuliandika, lenye maneno ya vitisho na kiungo. Mara nyingi ni kalenda ya nje uliyojiunga nayo bila kujua. Fungua programu ya Kalenda, tazama orodha ya kalenda, ifute nzima yenye jina geni. Ukifuta tukio moja moja utafuta hadi uchoke.

Ikiwa arifa inaonekana kutoka kwenye huduma unayoitumia kweli, bado usipitie mlango wake. Funga kila kitu, fungua programu yenyewe kwa mkono wako au andika anwani kwenye kivinjari, uangalie huko ndani. Kama jambo ni la kweli, litakuwa limeandikwa kwenye ukurasa wa usalama wa akaunti. Instagram, kwa mfano, ina sehemu kwenye mipangilio inayoorodhesha barua pepe ilizokutumia karibuni. Barua unayoitilia shaka isipokuwemo, haikutoka kwao. Jina la mtumaji juu ya meseji lisikutulize, kwa sababu linaweza kughushiwa, na meseji ya tapeli ikajipanga kwenye mazungumzo yale yale yenye meseji halali za zamani.

Hatua ya pili: pima mtu amefika wapi

Namba ya uthibitisho iliyokuja kwa meseji ina maana mbili tofauti, na watu huzichanganya. Huduma kama WhatsApp na Telegram hutuma namba mara tu mtu anapoandika namba yako ya simu. Huenda aliyefanya hivyo amekosea tarakimu moja ya namba yake, huenda ni mwizi anayejaribu. Kwa vyovyote vile, hajapata kitu mpaka umpe hiyo namba. Lakini huduma nyingine hudai nenosiri kwanza, ndipo zitume namba. Namba ikikujia kutoka huko bila wewe kuiomba, basi nenosiri lako huenda tayari linajulikana. Soma maneno yaliyoizunguka: “namba ya kuingia” ni tofauti na “namba ya kuweka upya nenosiri”. Hii ya mwisho inaweza kuombwa na yeyote anayejua barua pepe yako au jina lako la mtumiaji.

Ishara inayofuata ni swali linalojitokeza kwenye skrini: je, ni wewe unayejaribu kuingia? Jibu ni Hapana, na mara nyingi kitufe hicho hukupeleka moja kwa moja kwenye kubadilisha nenosiri. Tatizo ni pale swali linapokuja mara ishirini mfululizo. Mwizi hapo anategemea uchovu wako: uko usingizini, simu inalia na kulia, mwisho unagusa Ndiyo ili ulale. Uber iliingiliwa hivyo Septemba 2022. Mkandarasi wake alikataa maombi ya kuingia yaliyorudiwa rudiwa, mwisho akakubali moja, na hilo moja likatosha. Arifa hizo zikikusumbua usiku, zima intaneti kwenye simu au iweke kwenye hali ya ndegeni, ulale, na asubuhi ubadilishe nenosiri. Na mtu akikupigia katikati ya mvua hiyo akisema yeye ni wa kitengo cha usalama na anataka kukusaidia kuizima, huyo ndiye anayeituma.

“Kifaa kipya kimeingia kwenye akaunti yako” ni habari ya mtu aliyeshaingia, isipokuwa kama ni wewe mwenyewe. Kabla ya kutetemeka, fikiria: umesasisha kivinjari? Umefungua dirisha la faragha, umefuta vidakuzi (kumbukumbu ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari), au kuna kompyuta kibao ya zamani nyumbani imewashwa na watoto? Yote hayo huweza kuonekana kama kifaa kipya. Usiutegemee sana mji ulioandikwa. Mahali hapo hukadiriwa kutokana na anwani ya mtandao, kwa hiyo wewe mwenyewe unaweza kuonekana uko mji mwingine, na mwizi anayetumia VPN (huduma inayoficha mahali mtu alipo mtandaoni) akaonekana jirani yako. Saa na aina ya kifaa husema ukweli zaidi. Kama saa hiyo ulikuwa umelala na kifaa ni kompyuta ya Windows ambayo humiliki, huna cha kujadili.

Arifa kwamba nenosiri, barua pepe au namba ya kurejesha akaunti imebadilishwa haitaki subira hata ya saa moja. Baadhi ya huduma hutuma kwenye anwani yako ya zamani ujumbe wenye nafasi ya kutengua mabadiliko. Hapa ukiupuuza ujumbe kwa kudhani ni utapeli unaweza kuumia sawa na anayebofya hovyo. Ingia ndani ya programu kwa njia yako uhakikishe, na kama umeshafungiwa nje, tumia ukurasa rasmi wa kurejesha akaunti ukiwa kwenye kifaa na mtandao uliouzoea, kwa sababu huduma nyingi huvitumia hivyo kukutambua.

Halafu kuna arifa ambayo ni ukimya. Simu inapoteza mtandao ghafla, wenzako mliokaa pamoja wana mtandao wa kampuni hiyo hiyo, na kuwasha upya hakusaidii. Huenda mtu ameishawishi kampuni ya simu iihamishie laini yako kwenye kadi aliyonayo yeye. Agosti 2019 akaunti ya Jack Dorsey, aliyekuwa mkuu wa Twitter yenyewe, ilitekwa baada ya namba yake ya simu kuchukuliwa kwa mtindo huo. Azima simu nyingine hapo hapo, ipigie kampuni yako waifunge laini, kisha benki.

Namba sita na rafiki anayeomba radhi

Nalitenga hili kwa sababu ndilo linalowanasa hata wajanja. Namba ya uthibitisho ya WhatsApp inaingia, na baada ya sekunde chache unapata ujumbe kutoka kwa mtu unayemfahamu, mwenye picha yake ile ile: “Dada samahani, kuna namba nimezituma kwako kwa makosa, naomba unirudishie haraka kabla hazijaisha muda.” Unamjua, mmesalimiana juzi, unamtumia. Dakika hiyo hiyo WhatsApp yako inafungwa na kuanza kuwaandikia watu wako wote ujumbe huo huo, au kuwaomba pesa. Rafiki yako hakukuandikia lolote. Akaunti yake ilikwisha tekwa kabla yako.

Hata mtu akikosea tarakimu, namba ya uthibitisho iliyokuja kwako haina kazi halali kwake. Namba iliyokuja kwenye simu yako inafungua mlango wako. Mtu akikuomba, mpigie kwa simu ya kawaida umweleze kwamba akaunti yake inatumiwa na wengine.

Njia hii ina matawi. WhatsApp inaweza pia kusoma namba kwa kupiga simu, na wezi hupendelea saa za usiku ili simu isipopokewa, namba irekodiwe kwenye kisanduku cha sauti ambacho wenyewe wengi hawajawahi kubadilisha PIN yake. Wengine hukushawishi ubonyeze namba zinazoanza na **21* au *21*, eti kuongeza kasi ya mtandao. Kumbe zinaelekeza simu zako zote kwa mwizi, na ile ya uthibitisho ikiwemo. Ukitaka kujua kama simu zako zimeelekezwa kwingine, piga *#21#. Ukitaka kufuta maelekezo yote, piga ##002#. Mitandao mingi ya simu huzikubali. Ujue tu kwamba ya pili inaweza kuondoa na kisanduku cha sauti, utakiwasha tena baadaye.

Na likijitokeza kwenye skrini ombi la kuweka msimbo ili kuunganisha kifaa kipya, wakati wewe hujaunganisha chochote, lifunge. Ukiingiza herufi na tarakimu nane ulizotajiwa na mtu, umemkaribisha asome mazungumzo yako huku akaunti yako ikiendelea kufanya kazi kama kawaida. Huu wizi ni mbaya kuliko kufungiwa nje, kwa sababu huuoni.

Hatua ya tatu: kumtoa aliyeingia

Anza na barua pepe, hata kama arifa ilihusu kitu kingine. Akaunti zako karibu zote huwekwa upya kupitia barua pepe. Ukisafisha nyingine na kuiacha hii, mwizi atarudi kwa mlango wa nyuma kabla hujakaa chini.

Tumia kifaa unachokiamini. Badilisha nenosiri, liwe jipya kabisa, lisilofanana na la zamani kwa kuongeza tarakimu mwishoni. Kisha nenda kwenye orodha ya vifaa. Kwa Google iko kwenye akaunti yako chini ya Usalama, kwa Apple iko juu kabisa ya Mipangilio ukigusa jina lako na kushuka chini. Kila usichokitambua, kiondoe. Ukibaki na shaka, ondoa vyote isipokuwa ulichoshika. Kuingia upya ni usumbufu wa nusu saa.

Baada ya hapo angalia namba ya simu na barua pepe ya kurejesha akaunti. Watu wengi huishia kwenye nenosiri, na mwizi aliyeongeza barua pepe yake hapo hulibadilisha tena jioni.

Sasa sehemu ambayo miongozo mingi huiruka. Mwizi mzoefu wa barua pepe hana haja ya kubaki ndani. Anaweka kichujio: barua yoyote yenye jina la benki yako, au yenye maneno kama “usalama” na “nenosiri”, ipelekwe kwenye tupio au kwenye kumbukumbu bila kuonyesha kwamba imefika, na nakala itumwe kwenye anwani yake. Umebadilisha nenosiri, umetoa vifaa, na bado kila barua muhimu inapita mbele ya macho yako bila wewe kuiona. Kwenye Gmail vichujio hivi havionekani ndani ya programu ya simu. Fungua Gmail kwenye kompyuta, au kwenye kivinjari cha simu ukichagua mwonekano wa kompyuta, uingie kwenye mipangilio, usome ukurasa wa vichujio na anwani zilizozuiwa, kisha ule wa usambazaji wa barua. Usichokiweka wewe, futa. Pitia pia orodha ya programu za nje ulizoziruhusu kuingia kwenye akaunti, kwani ruhusa hizo zinaweza kudumu hata nenosiri likibadilika.

Kwa WhatsApp, kama bado uko ndani, fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa na uviondoe vyote usivyovijua. Kama umetolewa, sajili upya kwa namba yako na uweke namba sita utakazotumiwa. Hapo mwizi atatoka mwenyewe. Akiwa ameshaweka PIN yake ya hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada inayodaiwa baada ya zile namba sita, utasubiri siku 7 kabla ya kuruhusiwa kuingia bila PIN hiyo. Muda huo naye hawezi kuitumia akaunti, kwa kuwa kuingiza namba sita kunamtoa. Waambie watu wako kwa kuwapigia, tena anza na walio wepesi wa kutuma pesa.

Hatua ya nne: kufunga ili arifa inayofuata isikutishe

Nenosiri moja kwa akaunti moja. Hakuna anayeweza kuyakumbuka yote kichwani, hivyo tumia programu ya kuyatunza, iliyomo ndani ya simu au ya nje. Tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013, itakuonyesha kama barua pepe yako imo kwenye data zilizovuja. Ikiwemo, nenosiri ulilotumia huko lihesabu limekufa kila mahali ulipolirudia. Ila habari ya kubadilisha nenosiri kila baada ya miezi mitatu bila sababu iache. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kuishauri mwaka 2017, kwa kuwa watu wakilazimishwa hubadilisha tarakimu ya mwisho tu.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kudaiwa namba ya ziada baada ya nenosiri. Kwa meseji ni bora kuliko kukosa, lakini umeona jinsi laini inavyoweza kuhamishiwa kwa mwizi. Programu ya uthibitishaji, ambayo hutoa namba mpya kila sekunde 30 ndani ya simu yako, haitegemei laini. Hata hivyo nayo hudanganyika: ukiingizwa kwenye ukurasa bandia na kuandika namba hiyo, tapeli anaitumia papo hapo. Huduma ikikupa nafasi ya kutumia ufunguo wa siri (passkey), unaoingia kwa alama ya kidole au uso badala ya nenosiri, uchukue. Ufunguo huo umefungwa na anwani halisi ya tovuti, hivyo kwenye ukurasa bandia haufanyi kazi hata wewe ukidanganyika.

Chapisha au andika namba za akiba unazopewa wakati wa kuwasha uthibitishaji, uziweke mahali pa nyaraka zako. Ukizihifadhi ndani ya simu hiyo hiyo, siku ikipotea umepoteza vyote. Kwenye WhatsApp weka PIN ya hatua mbili na barua pepe ya kuirejesha.

Kwenye simu yenyewe, ficha maudhui ya arifa wakati skrini imefungwa. Simu iliyoachwa mezani ikiwa imefungwa lakini inaonyesha namba za uthibitisho kwenye skrini, anayepita atazisoma bila kujua PIN yako. Weka PIN ya laini pia, ili kadi ikichomolewa na kuwekwa kwenye simu nyingine isifanye kazi. Kabla ya hapo tafuta namba yako ya PUK kwa kampuni ya simu, maana ukikosea PIN mara tatu ndiyo itakayohitajika.

Kwa wenye Android, fungua mipangilio utazame programu zenye ruhusa mbili: kusoma arifa, na huduma za ufikivu. Ya kwanza inaiwezesha programu kuona kila namba ya uthibitisho inayoingia. Ya pili inaweza kuiruhusu kusoma skrini na kugusa vitufe kwa niaba yako. Saa yako ya mkononi inaweza kuwa na sababu ya kuwemo kwenye orodha ya kwanza. Tochi, mchezo au programu ya mikopo haina.

Rudi kwenye orodha ya vifaa kesho yake, na tena baada ya wiki. Kifaa kigeni kikirejea ilhali nenosiri ni jipya, vichujio ni safi na hakuna uliyempa namba, basi shaka ihamie kwenye simu yenyewe. Hifadhi picha na namba za watu, irejeshe simu kwenye hali ya kiwandani, sakinisha programu moja moja kutoka duka rasmi badala ya kurudisha nakala nzima ya zamani, halafu ubadilishe manenosiri kwa mara nyingine. Yale uliyoyabadilisha ukiwa kwenye simu hiyo kabla haijasafishwa, huenda mwizi ameyaona ukiyaandika.